Mkono wa Bachint Kaur

Mavyaa wangu, Bachint Kaur, hakuwa mtu wa kusifia chakula cha mwenzake. Siku ya kwanza nilipopika dengu katika nyumba hii, ningali na hina mikononi, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu maji ni ya bure?" Nilikwenda chumbani nikalia. Mume wangu, Jagseer, akanifuata kunibembeleza. Akaniambia nisijali, mama yake alishawahi kumwambia mpishi wa hekaluni, mbele za watu, kwamba wali wake wa maziwa una ladha ya karatasi.

Ilinichukua muda kukubali kwamba bibi huyu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na pua tu, na ulimi uliokuwa tayari kuitetea pua hiyo. Alizaliwa nyumba ya wakulima, akaolewa nyumba ya wakulima, hakusoma, hakusafiri mbali zaidi ya Sangrur mjini. Lakini katika mtaa wetu hakuna nyumba iliyofunga mtungi wa achari bila mkono wake.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Baridi ikikolea, kila nyumba hutengeneza achari yake ya koliflawa, karoti na tanipu, ile mboga nyeupe ya mviringo yenye wekundu utosini. Kila mwanamke ana vipimo vyake na majivuno yake. Ila chumvi haiwekwi na mwenye nyumba. Chumvi huwekwa na mtu mwenye mkono mzuri, maana achari ya mtu mwenye mkono mbaya haifiki majira ya joto. Kwetu mkono huo ulikuwa wa Bachint. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na shali lake la kijivu, anainama juu ya beseni, ananusa, anasema, "Ongeza haradali," au, "Tangawizi hii imelala sana," halafu anafuta kiganja na kutupia chumvi bila kupima. Mwaka mmoja jirani yetu Melo aliona tabu kumngoja, akajiwekea mwenyewe. Achari yake ikaota kuvu kabla baridi haijakwisha. Mimi nasema alichota kwa kijiko chenye maji, lakini nani aliniuliza?

Nyumbani kwetu kazi yangu ilikuwa kuosha, kumenya, kukata na kuanika. Miaka yote hiyo sikuruhusiwa kugusa viungo vya achari. Nikikaribia sufuria ananitazama mikono kama askari wa forodha. "Mikono mikavu?" "Mikavu, mama." "Kafute tena."

Alikuwa na msemo wake: achari si chakula, ni mlango wa chakula. Jagseer akitoka shambani na uchovu, hata kama hakuna mboga ndani, chapati mbili na vipande vya achari vinamrudishia uhai. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu Simar, sikuweza kumeza kitu, hata harufu ya samli ilinikimbiza. Ni yeye aliyekuja na kipande kimoja cha tanipu kilichokolea haradali na sukari guru, amekikunja ndani ya nusu chapati. Akaketi pembeni ya kitanda changu. "Tafuna tu, usifikirie." Nikatafuna. Kikashuka, kikakaa. Akaleta nusu nyingine, na tangu siku hiyo nilimsamehe yale ya dengu, ingawa sikumwambia.

Basi mwaka mmoja, baada ya sikukuu ya Diwali, Mama alishikwa na homa. Homa mbaya, ya kutetemeka chini ya mablanketi mazito. Ikapita, akaamka, akaoga, akaketi uani kwenye kitanda cha kamba akaomba chapati. Nikampelekea na mboga ya haradali niliyoipika asubuhi. Akala matonge mawili. Akasema, "Nzuri, mwanangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kesho yake nikapika maharagwe mekundu. "Nzuri." Keshokutwa, viazi na koliflawa. "Nzuri sana." Nikampigia simu mama yangu mzazi nikamwambia, "Mama, nimeshinda." Nilijivuna kweli, nikawa natembea jikoni naimba. Jagseer naye akafurahi, akasema mama yake uzee umemlainisha.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Sifa zilikuja, lakini sahani zilirudi zimejaa. Matonge mawili, matatu, halafu anasukuma sahani na kusema ameshiba. Ana bangili ya chuma mkononi ambayo haijavuliwa tangu usichana wake, kwa sababu haikuweza kuvuka kiganja hata kwa sabuni. Asubuhi moja alikuwa ananawa kwenye pampu, bangili ikaanguka yenyewe kwenye zege, ikalia. Akaiokota, akairudisha mkononi, akaendelea kunawa. Hakujua kuwa nimemwona. Ndipo nilipoona jinsi alivyokonda.

Jagseer alikuwa ameona mapema kuliko mimi. Baba yake alianza hivihivi: akapunguza chapati, akapunguza mtindi, akasema ameshiba, na baridi ile ile ikamchukua. Mume wangu ni mtu wa kucheka, lakini siku hizo alikuwa akimtazama mama yake akila, anahesabu matonge kwa macho. Halafu anatoka kwenda bandani kukamua nyati, na anachelewa huko. Siku moja nilimfuata na ndoo, nikamkuta ameegemeza kilemba chake kwenye ubavu wa nyati, mabega yanatikisika. Nikarudi kimyakimya.

Tulimpeleka kwa daktari mjini. Damu nzuri, mapafu mazuri, tumbo halina kitu. Daktari, kijana mpole, akamwambia, "Bibi, wewe kula tu." Mama akaitikia kwa adabu. Njiani akasema daktari ni mzuri. Kila kitu kilikuwa kizuri siku hizo, nami nilianza kulichukia neno hilo.

Nikapika kila ninachokijua. Mkate wa mahindi na samli, halua ya karoti, mchuzi wa mtindi na vidonge vidogo vya unga wa dengu. Mchana mmoja, kwa mawazo, nikasahau kabisa chumvi kwenye dengu. Jagseer alionja akakunja uso. Nikamgeukia Mama, nangoja. Nilitaka anitukane. Akatafuna polepole, akanitazama kidogo kama mtu anayetaka kuuliza njia, kisha akasema, "Nzuri, mwanangu."

"Mama, haina chumvi," nikasema.

"Basi nzuri tu."

"Si nzuri. Hata nyati hawezi kuila. Nitukane basi, niulize kama kwetu hakuna duka."

Akatabasamu, akajifunika shali, akageukia ukuta. Nilihisi amenikatia tamaa mimi, na ameyakatia tamaa maisha pia. Sikujua lipi liniume zaidi.

Wakati huo mtaa mzima ulikuwa unamngoja. Tanipu zimejaa sokoni, mabeseni yameoshwa, na Bachint haonekani. Melo alikuja mara mbili kuulizia.

"Dada Bachint, watu wanakusubiri. Koliflawa yangu itachanua maua."

"Magoti, Melo. Baridi imeniingia magotini."

"Nikubebe mgongoni?"

"Utaniangusha mferejini, kisha useme nilijitupa."

Walicheka, Melo akaenda zake. Mimi niliamini magoti.

Ukungu ulifunika mashamba siku nyingi, kisha asubuhi moja jua likatoka. Jua la namna hiyo haliachwi lipite. Jagseer alileta gunia la mboga, nami nikamenya, nikakata, nikavitumbukiza vipande kwa muda mfupi tu katika maji yanayochemka, nikavitandaza juu ya shuka safi kwenye vitanda vya kamba darini, juu ya paa la nyumba. Mboga ikibaki na unyevu, achari imekufa kabla ya kuzaliwa. Mama alisema atakaa mekoni akaange kitunguu saumu na tangawizi, kazi ya kukaa chini. Nilifurahi kumwona ameshika mwiko.

Nikiwa darini nageuza vipande, nikasikia harufu ya saumu inayoungua. Nilidhani ni kwa Melo. Nikaendelea. Harufu ikazidi, chungu, inayokaba koo, na ilitoka chini kwangu. Nikashuka ngazi mbiombio.

Meko yetu ni ya kuni na mavi makavu ya nyati, moshi wake haukosekani. Mama alikuwa amekaa katikati ya moshi huo, ameelekeza macho mlangoni, pengine akichelea Melo asiingie tena, na mkono wake ukikoroga polepole, kwa utulivu, kama alivyokoroga maisha yake yote. Ndani ya sufuria saumu ilikuwa nyeusi tititi.

"Bado kidogo," akaniambia. "Haijaiva."

Niliepua sufuria nikaiweka sakafuni. Akatazama mle ndani, akaona. Mwiko ulibaki mkononi mwake.

"Mama," nikasema, "husikii harufu?"

Aliufuta mwiko kwa ncha ya mtandio wake, akaufuta tena ingawa ulishakuwa safi.

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu homa. Niliamka siku ile, nikaweka chapati mdomoni, nikadhani umenipa kitambaa." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Chai ni sukari na moto. Dengu ni uji. Nakula, mwanangu, lakini ni kama kutafuna kitu cha mtu mwingine. Koo linakataa."

"Na ile dengu isiyo na chumvi?"

"Nilihisi haina. Halafu nikasema, labda ni mimi. Kila kitu siku hizi labda ni mimi. Kwa hiyo nasema nzuri."

Nilikaa chini kwenye sakafu pale pale. Kumbe ushindi wangu ulikuwa huo.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikuambie wewe? Miaka yote hii nimenusa sufuria zako na kukusema, leo nije nikuambie pua yangu imekufa? Na hao nje, nitawaambia nini? Mwenye mkono wa achari asiye na pua. Wakinialika tena itakuwa kwa huruma. Sitaki."

Hapo hasira ilinipanda, nami sikuizuia. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Bangili yako inaanguka yenyewe, nimeiona. Unajua mwanao anafanya nini bandani kila jioni? Analia. Anamlilia nyati, kwa sababu anadhani unaondoka kama baba yake."

Akanyanyua macho. "Jagseer analia?"

"Kila jioni."

"Mjinga," akasema, na machozi yakamtoka yeye. "Mtu mzima na ndevu zake." Akalia kwa muda, akajifuta, kisha akausukuma mwiko kwangu. "Menya saumu nyingine. Hiyo mwagia nje mbali, kuku wasile."

Tukaanza upya. Alisogea pembeni, nikakaa mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamimina mafuta ya haradali ya achari mwenyewe. Aliyasikiliza mafuta yakichemka, akaniambia lini nitie saumu. Kisha ikawa maswali.

"Nini kinanuka?"

"Saumu mbichi, mama."

"Koroga. Sasa?"

"Tangawizi. Inawasha macho."

"Koroga. Sasa je?"

"Sasa... tamu. Kama karanga za moto."

"Epua. Sasa hivi, usinitazame mimi, epua."

Nikaepua. Nikatia haradali ya kusaga, pilipili, manjano, nikamwambia kila kimoja kinavyonuka, naye akifumba macho na kutikisa kichwa kama anayesomewa barua kutoka mbali. Wakati nayeyusha sukari guru ndani ya siki, Melo akaingia bila kubisha, ndiyo tabia yake.

"Nimesikia saumu inaungua mpaka kwangu. Kulikoni?"

Mama hakusita hata kidogo. "Ni Parminder huyu. Alikuwa anaota ndoto darini."

"Ni mimi, shangazi Melo," nikasema. Aijuaye siri ya mtungi ni kata.

"Na leo yeye ndiye ananusa?" Melo akatuangalia mmoja mmoja. "Dunia imekwisha?"

"Namfundisha," akajibu Mama. "Au nife na ujuzi huu?"

Melo alipoondoka nikalichanganya beseni, koliflawa, karoti, tanipu, vyote vikavaa rangi ya matofali. Ikabaki chumvi. Nikamsogezea kopo. Akakataa.

"Mkono ni wako," nikamwambia.

"Sijiamini. Weka wewe."

Nikafuta kiganja, nikatupia. Niliogopa kuzidisha. Yeye alikuwa anatazama pembeni. Tukajaza mtungi wa kaure, tukaufunga mdomo kwa kitambaa cheupe.

Jioni nilimwambia Jagseer kila kitu. Akaketi, akauliza, "Pua tu?" Nikasema pua tu. Akavua kilemba, akajifuta uso nacho, akavuta pumzi ndefu, na usingizi wa siku nyingi ukamchukua hapo hapo kwenye kiti. Kesho yake akampigia daktari simu. Daktari akasema tungemwambia mapema, huwatokea wengi baada ya homa za namna hiyo. Pua inaweza kurudi, polepole, pengine si yote. Lakini ulimi bado unajua chumvi, uchachu, utamu na uchungu, na ukali wa haradali na pilipili hauhitaji pua hata kidogo. Mpeni anachoweza kukihisi, akasema, ila asimalize mtungi, ana presha.

Basi tukaungojea mtungi. Jua lilituchezea. Lilitoka kidogo, ukungu ukarudi, nikawa naupandisha mtungi darini na kuushusha, nimeufunika blanketi kama mtoto mchanga. Mama aliendelea na matonge yake mawili. Kila asubuhi nafungua kitambaa, nanusa, nikiogopa kuvu. Nilijua nikiiharibu hii sitapata moyo wa kutengeneza nyingine. Ikaanza kuchachuka. Siku iliyofuata ikachachuka zaidi, ule uchachu wa haradali unaoingia ndani mpaka kisogoni.

Asubuhi ya Lohri, sikukuu yetu ya moto, jua lilitoka safi. Mama aliketi uani. Nikachota achari kwa mwiko mkavu, nikaiweka juu ya chapati ya moto, nikampa. Jagseer alikuwa kando anajifanya anatengeneza mnyororo wa baiskeli isiyo na tatizo lolote.

Mama alichukua kipande cha tanipu. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamjaa maji.

"Inauma," akasema.

Jagseer aliangusha spana. "Wapi, mama? Wapi kunauma?"

"Puani. Haradali imenipanda puani." Akapiga chafya, akacheka huku analia. "Ni kali. Halafu inachachuka. Halafu tamu inakuja nyuma. Nazihisi, moja moja."

Akala tonge lingine, na lingine. Jagseer alikuwa ameacha kuhesabu, nafikiri, kwa sababu alikuwa ameketi chini na mafuta ya mnyororo mikononi anamtazama tu. Chapati ya kwanza ikaisha. Nikampa ya pili. Akafika katikati yake, akasimama. Akachukua kipande cha karoti, akakiweka ulimini, akakinyonya kwa makini. Kisha akageuka akanitazama, na lile jicho nililijua, lilikuwa jicho la siku ya dengu.

"Parminder."

"Naam, mama."

"Chumvi imepungua. Huko kwenu chumvi huwa mnakopeshana?"

Nilionja. Kweli ilikuwa imepungua. Nililia mbele yao bila aibu, nikalia mpaka nikakalia ukingo wa pampu. Jagseer akawa anacheka na kurudia, "Imepungua, mama amesema imepungua," kama mtu aliyepata habari za kuzaliwa mtoto. Mama akatuuliza kama tumerogwa. Nikaenda jikoni nikamletea kopo la chumvi. Alikifuta kiganja kwa shali, akakifuta tena, akatupia ndani ya mtungi bila kupima, na akaniambia niache kulia nikalete chapati ya tatu.